Mama Farasi wa Kapata

Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mke anayekula firigisi ya mumewe ametafuta kesi, na mimi kesi sikuwahi kuitafuta. Niliiweka juu ya sahani ya mume wangu, juu kabisa, aione kabla hajaona kitu kingine. Kisha wifi yangu akarudi kutoka kwenye ndoa yake ya Likasi, na Jumapili ya kwanza mume wangu akaichukua ile firigisi kwa vidole vyake akaiweka kwenye sahani ya dada yake. Alisema shangazi ni baba wa kike, watoto wamwone anavyokula. Watoto wakamwona. Mimi pia nikamwona. Aliitafuna taratibu, macho chini, kama mtu anayepokea komunyo.

Nasema haya kwanza ili mtu asije akadhani wivu wangu ulianzia kwa mnyama.

Wifi alirudishwa kwa sababu hakupata mtoto. Familia ya mumewe ilingoja, ikaomba, ikampeleka kwa madaktari na kwenye vyumba vya maombi, mwisho ikachoka. Alishuka kwetu Kapata na mfuko mmoja wa nguo na sufuria aliyokataa kuiacha. Sasa, Kapata zile nyumba za zamani za kampuni ya shaba zimepangwa safu kwa safu, zinafanana, ukikohoa jirani anakuambia pole, na mwanamke anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Mimi tangu nimzae kifungua mimba wangu, jina langu la ubatizo analijua padri tu. Wifi alikuwa mkubwa kuliko mimi, lakini hata watoto wa safu ya nyuma walimwita kwa jina lake tupu, kama msichana anayetumwa maji. Nilimwonea huruma. Huruma yangu ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe ulikuwa firigisi.

Halafu aliniita "muke yangu." Ni desturi yetu watu wa Kasai, hata sisi tuliozaliwa huku kwenye shaba. Mbuzi walioingia nyumbani kwa baba yangu siku ya mahari walikuwa wametoka kwenye mahari yake yeye, kwa hiyo ana haki ya kusema amenioa. Watu wakisikia hucheka. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Mume wangu anatunza farasi kwenye shamba moja upande wa Nzilo. Mwenye shamba anakaa mjini, anakuja Jumapili na wageni wake wanapanda, wanapigwa picha, wanarudi. Mume wangu analala kule wiki nzima na Jumamosi ndiyo anafika nyumbani akinuka nyasi. Mwaka ule jike mmoja alizaa, na kabla mtoto hajajua vizuri kusimama, mama akashikwa na tumbo, akajiviringisha chini mchana kutwa, akafa. Mwenye shamba alisema kwenye simu kwamba asihangaike, mtoto wa namna ile haponi. Mume wangu akasema ndiyo, patroni. Kisha akamfunga miguu kwa gunia, akaomba nafasi kwenye pikapu ya mboga, akamleta Kapata. Kule shambani hakukuwa na maziwa wala mtu wa kushinda na mtoto. Nyumbani kulikuwa na mbuzi wawili wanaonyonyesha na wanawake wawili.

Safu nzima ilitoka kuangalia. Alikuwa jike, rangi ya chai ya maziwa, na alama nyeupe kwenye paji la uso. Miguu mirefu kuliko akili yake. Tulimweka kwenye kibanda cha makaa nyuma ya jiko.

"Bulamu," nilimwambia wifi, maana ndivyo tunavyoitana mashemeji, "shika ile mbuzi ku mapembe, mi nikamue."

Jirani aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, aliacha mchi hewani. "Mama! Tangu lini batu banakamua mbuzi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mbuzi kwetu ni wa mahari, wa msiba na wa Noeli. Hakuna aliyewahi kumwona mbuzi akikamuliwa, hata mbuzi wenyewe walishangaa, mmoja alikanyaga bakuli kwa makusudi. Lakini mganga wa mifugo alikuwa amempa mume wangu masharti: maziwa ya mbuzi, ya vuguvugu, kidogo kidogo, mara nyingi, na mtoto asiinuliwe kichwa kama unavyomlisha mtoto wa mtu, maziwa yataingia kwenye mapafu. Hilo la kichwa lilitushinda kabisa mwanzoni. Mikono yetu ilijua kupakata tu.

Biberoni, ile chupa ya kunyonyea, aliikataa. Alikaza meno, maziwa yakamwagika kifuani pangu. Nikachovya kidole kwenye maziwa, nikamtia pembeni mwa mdomo, pale pasipo na meno, kama nilivyowafanyia wanangu walipokuwa wagonjwa. Akanyamaza. Kisha akaanza kuvuta. Ulimi wake ulikuwa na nguvu kama mkono. Nikatelezesha biberoni kando ya kidole, nikimpigia mluzi mdogo wa midomo sikioni, nikatoa kidole, naye akaendelea kunywa bila kujua amedanganywa.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na mimi nilikuwa nimelea wangu wote wakafika umri wa kuniita pale tu wanapokuwa na njaa. Huyu alinifuata hata akiwa ameshiba. Nikienda bombani, yuko nyuma. Nikienda chooni, anangoja mlangoni, anakwaruza. Niliwapita majirani polepole makusudi, nikiwa nimevaa kitenge changu cha kijani, kile kilichochujuka, na yule mnyama ananinusa kiunoni. Wifi kazi yake ilikuwa kushika pembe na kuosha chupa. Mpango huo niliupenda sana.

Kisha ikafika safari yangu ya Lubudi. Maharagwe na mahindi ya meza yangu ya soko nayanunua kule, kwa wakulima wenyewe, na nisipoenda wakati wa mavuno wanakwenda wengine. Usiku wa kuondoka sikuwaza maharagwe. Asubuhi nikafanya kile afanyacho kila mama wa kwetu akienda mbali na mtoto mchanga: nilivua kile kitenge cha kijani, bila kukifua, nikamtandikia kwenye majani alalie harufu yangu.

"Kikwembe iache paka apa," nilimwambia wifi. "Usifule. Akilala juu yake atajua mi nitarudia."

"Enda muzuri, muke yangu," alisema.

Mvua ilikata barabara. Lori letu lilikaa kwenye matope pamoja na malori ya shaba, na zile siku chache zikawa nyingi. Pale Lubudi niliwaambia wanawake wa sokoni habari za mtoto wangu anayekunywa biberoni na kuota meno, nikiacha kwanza wafikiri ni mtu, halafu nikiwaambia. Walicheka mpaka wakanipunguzia bei. Nilikuwa na hamu naye. Naandika hivyo bila aibu: nilikuwa na hamu na mtoto wa farasi kuliko na baba wa watoto wangu.

Niliporudi nilimsikia kabla sijashusha magunia. Kwato zake ndogo kwenye saruji ya uani, tatata. Akatokeza kwenye kona ya nyumba anakimbia. Nikapanua mikono, mbele ya dereva, mbele ya majirani. Alinipita. Alinipita kama unavyopita nguzo ya umeme. Nyuma yangu mlango wa jiko ulikuwa umefunguka, na wifi alisimama pale ameshika biberoni, amevaa kitenge changu cha kijani.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe nilikuwa nimeitandika kwa mikono yangu.

"Bulamu," nikasema, "ile si kikwembe yangu?"

"Alikatala kunywa, muke yangu. Alilia paka sauti ikaisha. Alilala chini, macho iko inazunguka. Nikasema acha nivae kikwembe ya mama yake. Njo akakunywa."

Alikuwa amemwokoa. Hakuna njia nyingine ya kulisema. Angeniheshimu na kuacha kitenge mahali pake, ningekuta kibanda kitupu. Nilimwambia asante, kwa sauti ile unayomwambia mtu aliyekurudishia sahani yenye ufa.

Watoto wa safu ndio walioanza. Watoto hawana adabu ya kungoja. "Mama Farasi! Mama Farasi anapita!" Mwanzoni wakubwa walicheka. Kisha muuza samaki akasema Mama Farasi leo nikupimie ngapi. Kisha katekista, mzee mzima, akamsalimu hivyo mlangoni pa kanisa baada ya misa. Nilikuwa kando yake. Nilimwona shingo yake ikinyooka. Mwanamke ambaye miaka yote aliitwa kama msichana, akaitikia "Bonjour tata katekista" kana kwamba jina lile alizaliwa nalo. Nami moyoni: ni kidole cha nani alichonyonya kwanza? Niliapa siku hiyo kwamba mdomo wangu hautalitamka. Mimi nilimwita bulamu, na nikaendelea kumwita bulamu.

Nilidai kitenge changu. Alinirudishia kesho yake, amekifua, amekipiga pasi ya makaa, amekikunja pembe nne. Nikakivaa nikaenda kibandani. Mtoto akakinusa, akapiga chafya kwa ajili ya sabuni, akatoka kwenda kwa wifi, ambaye wakati huo alikuwa anachagua mchele na amevaa gauni la kawaida kabisa. Basi tatizo halikuwa kitenge. Kama lingekuwa kitenge ningelala vizuri.

Roho iliniuma, na mimi roho ikiniuma sikai kimya. Nikaanza kuamka kabla yake, nawasha mbabula ya makaa, napasha maziwa mwenyewe, napima joto kwa kiwiko. Mtoto akanywa. Alikunywa maziwa yangu mpaka tone la mwisho huku anaangalia juu ya bega langu kama yule mwingine ameamka. Wanaume wanaofanya hivyo nawajua. Farasi sikujua.

Siku moja bombani mama mmoja akamsifu wifi mbele yangu, eti mtoto amenenepa, mama yake ana mkono mzuri. Nikatua ndoo. Nikasema kwa sauti ya kufika safu tatu: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wote wakaangalia maji. Neno lilikuwa limekaa vizuri mdomoni, sitasema uongo.

Wifi alijaza bidoni yake mpaka juu, akafunga kifuniko. "Njo ile," akasema. "Yee hajaniuliza uchungu. Aliniuliza maziwa."

Akajitwisha, akaondoka, na yule mnyama nyuma yake anakanyaga matone.

Alikua haraka. Akaanza kula pumba, kisha nyasi, kisha sketi ya jirani iliyoanikwa. Aliingia nyumba za watu akasimama sebuleni kama mgeni anayengoja kiti. Siku alipopiga teke sufuria ya bukari, ugali wa watu, mume wangu akasema mambo yamefika mwisho, huyu anajiona mtu, asipojifunza farasi sasa hatajifunza tena. Na mwenye shamba, yule aliyesema haponi, alikuwa ameshasikia kwamba amepona. Sasa alimtaka. Alikuwa na chumba kitupu kule, alisema, na yeyote ambaye mtoto anamfuata aende naye akakae, kwa mshahara wa mtunzaji, mpaka azoee wenzake na hata baadaye.

Mimi sikutaka kwenda. Nina meza yangu ya soko, nina watoto, nina bomba langu la kugombania. Sikutaka kwenda, nilitaka kuombwa.

Mume wangu aliliona hilo. Ni mtu wa maneno machache lakini si kipofu. Siku lori lilipokuja alisema, "Simameni bote mubili. Mwite. Yee mwenyewe atachagula."

Wakaegemeza ubao kwenye lori. Safu nzima ikatoka tena, kama siku ya kwanza. Nikamwita kwa ule mluzi mdogo wa midomo niliomfundisha nao kunywa, sauti ambayo hakuna mwingine aliyekuwa anaijua. Masikio yakasimama. Akageuka, akaja kwangu, hatua kwa hatua, akaweka pua kwenye kiganja changu, akakitafuta kidole. Alikikumbuka! Akakitia mdomoni. Moyo wangu ulikuwa unagonga mpaka nikaogopa atausikia akimbie. Niliangalia pembeni nione wifi ana uso gani.

Wifi hakuwa anaita. Alikuwa ameshapanda lile lori na kukaa juu ya gunia la pumba, ametupa mgongo, ameshika ile sufuria yake ya Likasi mapajani. Na mtoto akaachia kidole changu, akaenda, akapanda ubao ambao hajawahi kuuona maishani mwake, kwato zinateleza, akasimama nyuma ya mgongo ule na kuweka kidevu begani.

Majirani wakapiga vigelegele. Mimi nilipangusa mkono kwenye nguo.

Firigisi ilirudi kwa mume wangu. Wiki za kwanza niliona haki imetendeka. Baadaye nikawa nasikia uani kukiwa kimya, mbuzi wamekauka maziwa, na watu mlangoni wanauliza, "Mama Farasi iko wapi?" Nikawajibu, "Bulamu ameenda Nzilo." Wengine waliuliza bulamu gani.

Nilikaa mpaka mwisho wa kiangazi ndipo nikaenda kumwona. Niliambiwa na mume wangu kwamba ametuma salamu mara nyingi. Jibu langu lilikuwa salamu hazina miguu, mimi ninayo. Nilibeba kuku mzima, sombe na samaki mkavu. Na ndani, chini ya kitenge changu kizuri cha misa, nilivaa kile cha kijani. Nilikuwa nimekivaa siku kadhaa jikoni, nimekitolea jasho, nimekifutia mikono ya maziwa ya mbuzi mmoja aliyezaa tena. Sabuni haikukigusa. Mtu asinilaumu, yule farasi alikuwa ananijua mimi kwanza.

Getini kulikuwa na mlinzi mgeni, kijana wa kaskazini, mpole, mkaidi. Mume wangu alikuwa ametumwa mjini kuleta pumba.

"Mama, unatafuta nani?"

Nikamtajia jina la ubatizo la wifi.

"Uyu hatumujue."

"Mwanamuke murefu, mweusi, wa Kapata. Anachunga farasi."

"Apa mwanamuke iko moya tu, mama. Ni Mama Farasi."

Nikamhamishia kuku kwapa la pili. Jua lilikuwa juu ya utosi wangu na nyuma ya lile geti niliona nyasi, na mbali farasi wanne, mmoja mdogo. Nikarudia jina la ubatizo, safari hii pamoja na jina la baba yake. Mlinzi akatikisa kichwa kwa huruma. Nilisubiri aniruhusu tu, kwa sababu ya uzee wangu, au kwa sababu ya kuku. Hakuniruhusu.

"Basi yee uyo," nikasema. "Mama Farasi."

Halikunichoma ulimi. Nilidhani litanichoma.

"Na weye, mama, niseme ni nani?"

Nilifikiri. Bulamu wanaweza kuwa wengi. Mama wa kifungua mimba wangu, hapa hakuna amjuaye. Nikamwambia, "Sema muke yake amefika."

Yule kijana alicheka mpaka kofia ikaanguka, akakimbia kupeleka habari. Aliyefika kwanza alikuwa farasi. Si mtoto tena, kifua kimejaa, alama ya paji imekua naye. Nilifunua kitenge cha misa kidogo, upande. Akakinusa kile cha kijani muda mrefu sana, macho ameyafumba nusu, na nilijua kwa hakika kwamba yuko kwenye kibanda cha makaa na mimi niko naye. Kisha akainua kichwa akageuka nyuma kuangalia kama yule anakuja. Alikuwa anakuja, ndani ya mabuti ya mpira, anafuta mikono, anaita kwa mbali, "Muke yangu! Muke yangu, njo umenikumbuka!"

Nilimpika yule kuku mwenyewe, kwenye mbabula yake, kwenye sufuria ya Likasi. Firigisi niliiweka juu ya sahani yake, juu kabisa. Aliitazama, akachukua kisu, akaikata katikati, akanisogezea nusu.

"Kula. Apa hakuna bwana."

Nikala. Ilikuwa ngumu kidogo na ina chumvi. Farasi alisimama mlangoni muda wote tunakula, nyuma ya kiti chake yeye, si nyuma ya changu. Na hilo pia nililiona.